320 ya daftarini, 307 ya kwenye skrini

Niweke namba mezani kwanza, maana kwa miezi mitatu nilizificha. Kwenye daftari langu la kujiandaa na GRE, ukurasa wa mwisho, niliandika 320 nikaizungushia duara mara mbili kwa kalamu nyekundu. Siku tisa baadaye, Machi 2024, skrini ya chumba cha mtihani ilinionyesha 157 za hisabati na 150 za Kiingereza. Ukijumlisha ni 307. Pointi kumi na tatu zilidondoka mahali fulani kati ya Kimara na Posta, na wiki nzima nikawa kama mtu aliyeshuka kwenye daladala akajipapasa mfukoni.

Kwa asiyeujua, GRE ni mtihani unaotungwa na shirika la Kimarekani la ETS, na vyuo vya huko vimeutumia kwa miongo mingi kuchuja waombaji wa shahada za juu. Una insha, sehemu ya Kiingereza na sehemu ya hisabati. Insha ina alama zake pembeni. Hizo mbili nyingine, kila moja inaanzia 130 na kuishia 170. Maana yake ngazi nzima, kutoka chini kabisa hadi juu kabisa, ina pointi 80 tu, na mimi nilipoteza 13. Ada mwaka 2024 ilikuwa dola 220. Kwa bei ya dola ya wakati ule ilikuwa zaidi ya laki tano na nusu, na hakuna anayekurudishia chenji ukitoka umenuna.

Ila kosa langu lilianzia mbali zaidi, kidato cha nne.

Aliyesoma shule za Tanzania hahitaji kuelezwa moko. Ni mtihani wa majaribio unaokuja katikati ya mwaka, kabla ya mtihani wenyewe wa Novemba, na kazi yake kubwa ni kuwatia watu adabu. Maswali yanatungwa kama vile mtunzi ana kesi na nyie. Usahihishaji ndiyo usiseme: ukisahau kizio cha mwisho, alama zote zimekwenda na maji. Mwalimu wetu wa hisabati alikuwa akirudisha karatasi huku anacheka: "Ukipata C kwenye moko yangu, Novemba unakula B bila kunawa." Na ilikuwa kweli. Moko nilipata divisheni three ya pointi 23. Mama alikaa kimya siku mbili. Matokeo ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, yalipotoka nilikuwa na divisheni one ya 16, na darasa zima hadithi ilikuwa hiyohiyo, kila mtu amepanda. Kidato cha sita ikajirudia.

Mtu akipita kwenye tanuri hilo mara mbili, kuna kitu kinamganda kichwani bila yeye kujua: mazoezi ni magumu, siku yenyewe ni nafuu. Alama ya mazoezi unaichukulia kama akiba ya chini, siku ya mtihani lazima iongezeke. Sikuwahi kuikalia chini imani hiyo na kuihoji. Niliibeba hadi utu uzima, nikaingia nayo kwenye mtihani wa watu ambao hawajui moko ni mdudu gani.

Mazoezi nilianza Desemba 2023. Kazini kwangu mimi ndiye mtu wa takwimu, ndiye ninayeletewa majedwali yasiyoeleweka, kwa hiyo hisabati sikuiogopa. Kiingereza ndicho kilinitoa jasho, maneno ambayo hata wenye lugha yao nina hakika wanayatumia siku ya msiba wa mfalme tu. Nikajiwekea ratiba: saa kumi na moja alfajiri maneno, usiku baada ya kula hisabati, na Jumamosi mojamoja mtihani mzima. Dada yangu, ambaye ni nesi na ndiye mwenye nyumba tunamoishi, alikuwa akirudi zamu ya usiku ananikuta mezani na kikombe cha chai kimeshapoa. "Mdogo wangu, utakuwa rais?" anauliza, kisha anakwenda kulala.

ETS wenyewe wanatoa mitihani miwili ya mazoezi bure, wanaiita PowerPrep. Inafanana na mtihani halisi kwa kila kitu: skrini ileile, saa ileile inayohesabu kurudi nyuma, kikokotoo kilekile cha kubofya kwa kipanya. Mingine nilitoa kwenye vitabu na kwenye kampuni zinazouza maandalizi. Kila nikimaliza mmoja niliandika alama daftarini. Zilikuwa zinapanda na kushuka kama maji ya Coco Beach, ila mimi niliona zinapanda tu. Kisha, siku tisa kabla ya mtihani, nikarudia PowerPrep ya kwanza ambayo nilikuwa nimeshaifanya Januari. Ikatoka 320. Hapo ndipo ile kalamu nyekundu ilipotafutwa.

Usiku uleule nikaitangaza kwenye grupu la WhatsApp la ukoo. Mjomba aliyeko Morogoro akajibu ndani ya dakika moja: "Marekani wajiandae." Nikalala nacheka.

Siku yenyewe nilipanda mwendokasi la kwanza, kwa kuogopa foleni ambayo mwendokasi halina. Nikafika kituoni kabla ya mlinzi. Ningeweza kufanyia nyumbani, tangu 2020 wanaruhusu, msimamizi anakutazama kwa kamera ukiwa chumbani peke yako. Lakini miezi ile umeme Dar ulikuwa wa mgao, na sikutaka laki tano zangu zizimike pamoja na feni. Wakakagua pasipoti, jina lifanane na la usajili herufi kwa herufi. Saa ya mkononi vua, mifuko pindua nje, mikono ya shati kunja. Nikapewa karatasi za kukokotolea na penseli. Kiti kilikuwa kifupi kwangu, na jirani yangu alikuwa anafanya mtihani mwingine kabisa, anabonyeza kibodi kama anayetwanga kisamvu.

Insha ilipita salama, dakika thelathini. Hisabati ikafuata.

Hapa lazima nieleze mtihani huu unavyofanya kazi, maana ndipo nilipoumia. Hisabati imegawanyika mara mbili. Mkupuo wa kwanza una maswali 12 kwa dakika 21, na ugumu wake ni wa katikati kwa kila mtu. Ukiumaliza, kompyuta inakuhesabu kimyakimya, halafu inakupangia mkupuo wa pili wa maswali 15: ukifanya vizuri unapewa magumu zaidi, ukiyumba unapewa mepesi. Na mepesi hata ukiyapata yote, hayakufikishi kileleni. Kiingereza nacho ni vivyo hivyo.

Swali la saba la mkupuo wa kwanza lilikuwa la chati. Asilimia za mauzo, miaka miwili, makundi matano. Kazi yangu ya kila siku! Nikasema hili nalimeza. Jibu nililopata halikuwamo kwenye machaguo. Nikarudia, likatoka lingine, nalo halimo. Kwa hesabu ya kawaida kila swali lina dakika moja na robo tatu, na mtihani unakuruhusu kuliwekea alama swali ukaliruka na kulirudia baadaye. Nilijua. Lakini mtu wa takwimu kushindwa na chati ya asilimia ni kama mvuvi kuzama kwenye beseni, heshima haikuniruhusu kuondoka. Nilipoinua macho zilikuwa zimebaki dakika nne na maswali matano. Mawili ya mwisho niliyaacha wazi, mtihani ambao kosa halikatwi alama! Mtoto wa darasa la nne angebahatisha.

Kisha mkupuo wa pili ukafunguka, na maswali yakawa mepesi.

Sijui kama msomaji analipata hilo. Maisha yangu yote swali jepesi lilikuwa zawadi. Ukigeuza karatasi ukakuta kitu unachokijua, moyo unatulia, unamkonyeza mwenzako upande wa pili wa chumba. Pale wepesi ulikuja kama mjumbe wa msiba anayebisha hodi taratibu. Kila swali nililojibu haraka nilijiuliza: hili ni jepesi kwa sababu nimejiandaa, au kwa sababu wameshaniteremsha? Ukweli ni kwamba aliyekaa pale kwenye kiti hawezi kujua. Lakini nilitumia dakika kadhaa za laki tano na nusu kujaribu kusoma mawazo ya kompyuta badala ya kusoma maswali, na kwenye maswali yale yaliyoitwa mepesi nikakosa mengine tena.

Mwishoni mashine inakuuliza jambo moja la kikatili kidogo: unataka alama zako zihesabiwe, au uzifute? Inakuuliza kabla hujaziona. Ukifuta, huzioni. Nilikaa na swali hilo muda mrefu kuliko lile la chati, au angalau ndivyo ilivyoonekana. Nikabofya zihesabiwe. 157, 150. Wakati ule unaweza kuzituma bure kwa vyuo hadi vinne. Kwa aibu nikakataa, nikasema chuo gani kitatumiwa uchafu huu. Baadaye nililipia kuzituma zilezile.

"Vipi?" dada aliandika.

"Nimemaliza. Matokeo bado."

Huo ndio uongo ulioishi miezi mitatu. Matokeo rasmi hutoka ndani ya siku kumi hivi, lakini nani kule Kimara au Morogoro alijua.

Watu wawili watatu niliowaambia ukweli kila mmoja alikuja na dawa yake. Rafiki mmoja alisema Wazungu wanatubania makusudi. Mwingine alisema mitihani ya mazoezi hutengenezwa rahisi ili ununue zaidi. Huyu nilimsikiliza, kwa kampuni zinazouza maandalizi hana kosa kubwa, ila PowerPrep inatoka jikoni kulekule kunakotoka mtihani. Wa tatu, mama mmoja wa ofisini tunayemheshimu, aliniambia kwa upole kwamba nilitangaza mapema na watu wana macho. Hilo nalo sikulipuuza moja kwa moja. Kutangaza kulikuwa na madhara yake, ingawa si yale aliyoyafikiria yeye.

Maelezo niliyoyapenda zaidi yalikuwa ya hofu. Yana heshima. "Uwezo ulikuwepo, hofu ndiyo imeharibu", nani asingependa kuambiwa hivyo? Nikasoma kazi za Sian Beilock, mwanasaikolojia wa Kimarekani aliyechunguza kwa miaka mingi kwa nini watu huvurugika wakiwa kwenye shinikizo. Hoja yake kwa kifupi ni kwamba wasiwasi unakula nafasi ileile ya akili unayoihitaji kushikilia hatua za hesabu, na katika majaribio yake waliovurugika zaidi walikuwa watu wenye nafasi kubwa ya akili ya kufanyia kazi. Unaona sumu ilivyo tamu? Nikajikuta nimefurahi kuwa nimefeli kisomi. Huyu Beilock ndiye rais wa chuo cha Dartmouth tangu 2023, na Februari 2024, mwezi mmoja kabla sijaaibika, chuo chake kilitangaza kurudisha sharti la mtihani wa SAT au ACT kwa wanaoomba shahada ya kwanza. Mtaalamu wa hofu ya mitihani ndiye anarudisha mitihani. Nilicheka peke yangu nikiwa kwenye kiti cha nyuma cha bajaji.

Lile swali la saba lilikuwa na hofu ndani yake, sikatai. Ila hofu haielezi pointi 13.

Jumamosi moja ya masika, mvua imefunga njia zote na sina pa kwenda, nililifungua lile daftari kama ninavyofungua jedwali la mtu mwingine kazini. Nikaandika alama zote kwa mpangilio, na pembeni ya kila moja jinsi ilivyopatikana. 304, kitabu, Desemba. 308, PowerPrep ya kwanza, Januari, bila kusimama. 313, mtihani wa kampuni, kikokotoo cha simu kinachokwenda mbio kuliko cha kubofya. 309, kitabu tena. 312, PowerPrep ya pili, hapa nilisimamisha saa mara mbili: mara ya kwanza dada alinituma gesi, mara ya pili umeme ulikatika, na hadi urudi nilikuwa nimelifikiria swali moja la uwezekano kwa saa mbili gizani na kulipatia jibu. Halafu 320.

Hiyo 320 ilikuwa mtihani nilioufanya tayari. Baadhi ya maswali nilikuwa nayakumbuka hadi majibu. Nilijua hilo wakati nafanya, nilijiambia "nitajifanya sikumbuki." Mtu hawezi kujifanya hakumbuki. Kukumbuka kwangu ndiko nilikokuita maendeleo.

Ukiitoa hiyo, zinabaki tano. Wastani wake ni 309. Na kila kipimo cha aina hii kina kosa lake, ETS wenyewe wanalichapisha: mtu yuleyule, uwezo uleule, akifanya tena na tena alama zake zitacheza takriban pointi mbili kila sehemu, juu au chini. Sehemu mbili zikiunganishwa, inakuwa kama pointi tatu. Kwa hiyo mtu wa 309 akipata chochote kati ya 306 na 312 hakuna cha kuchunguza, hata ukimwita mganga. Mimi nilipata 307. Mtihani haukuniangusha. Uliniweka karibu kabisa na mahali nilipokuwa nimesimama tangu Januari.

Nilikaa nikiitazama ile 309. Mwaka wa pili chuoni tulifundishwa habari za Francis Galton, Mwingereza aliyepima urefu wa watoto 928 waliokwishakua na wazazi wao, akaonyesha mwaka 1886 kwamba wazazi warefu sana kwa kawaida huzaa watoto warefu, lakini si warefu kama wao. Kinachopita kiasi huwa kinarudi kuelekea katikati. Nimewahi kusimama mbele ya watu ofisini na kuwaeleza hilo kwa michoro: usichukue mwezi uliofanya vizuri kuliko yote ukasema huo ndio uwezo wa mradi, mwezi ujao utajiumbua. Watu wakaandika. Kisha nikarudi nyumbani, nikachagua alama kubwa kuliko zote sita, nikaizungushia duara, nikaitangaza hadi kwa mjomba.

Ndiyo maana nasema kutangaza kuliniumiza. Baada ya 320 kuingia kwenye grupu, sikufanya tena mtihani mzima hata mmoja. Nilikuwa na siku tisa na mtihani mmoja wa kulipia ambao sijaugusa. Niliogopa usije ukaleta 309.

Mara ya pili nilijisajili Juni. Sheria ni kusubiri angalau siku 21 na kutozidi mara tano kwa miezi kumi na miwili. Mimi nilisubiri zaidi kwa sababu laki tano na nusu haziokotwi. Katikati hapo niligundua kwamba kati ya vyuo vitano nilivyovilenga, vitatu havikuitaka GRE tena, kama zilivyofanya programu nyingi wakati wa korona. Ningelisoma hilo mwezi wa kwanza... basi, yameshapita. Viwili viliitaka.

Safari hii nilifanya mambo machache. Kila mtihani wa mazoezi ulikuwa ambao sijawahi kuuona. Saa haisimami, dada akiita namwambia nisubiri, naye akaninunia. Kikokotoo cha kubofya tu. Swali likifika dakika mbili naliacha hata kama ni la asilimia, na zikibaki sekunde thelathini nabahatisha yote yaliyobaki. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe nikafungua ule mtihani niliouogopa Machi. 311. Sikuizungushia kitu.

Asubuhi ya mtihani, kabla sijatoka, nilichukua karatasi iliyokuwa juu ya friji, nikaandika nyuma yake "308 hadi 314", nikaikunja na kumkabidhi dada. Nikamwambia asiifungue hadi nirudi. Na hapo mlangoni, viatu mkononi, nikamwambia pia habari ya 307. Akanitazama kwa muda. "Nilijua," alisema. "Tangu Machi hukuimba bafuni."

Nilipata 310. Hisabati ilipanda hadi 160, Kiingereza kikabaki palepale 150, kimeota mizizi. Nikaituma kwa vyuo vyangu viwili papo hapo kwenye skrini, bure. Kwenye grupu nikaandika namba hiyo bila maelezo. Mjomba akauliza, "Na ile 320?" Nikamwambia ile ilikuwa ya nyumbani.

Jioni dada alikunjua karatasi mbele yangu, akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Kwa hiyo umelipa laki tano na nusu nyingine uambiwe ulichokuwa umeshakiandika hapa?"

"Chuo hakipokei karatasi ya friji, dada."

Akaigeuza upande wa pili. Ilikuwa orodha yake ya sokoni ya tangu Jumapili, aliyokuwa ameniachia mimi.

"Na vitunguu hukununua," akasema.